Kinaya Husikika Kabla ya Kutajwa

Kila mwaka nisahihishapo insha za wanafunzi wa fasihi, hukutana na sentensi moja isiyochoka: mtunzi ametumia kinaya. Kisha kimya. Kosa si la mwanafunzi peke yake. Sisi walimu ndio tuliomzoesha kuamini kwamba kinaya ni kipengele cha kuorodheshwa baada ya tashbihi na sitiari, ilhali kinaya ni suala la sauti: nani anasema, anamwambia nani, na ni nani mwingine anayesikiliza.

Hebu tuuangalie Utenzi wa Fumo Liyongo, alioutunga Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka wa 1913. Liyongo yumo kifungoni, na walinzi wamezoea kumnyang'anya chakula kizuri anacholetewa kutoka kwa mamaye. Anaimba. Walinzi wanasikia wimbo tu. Kijakazi Saada anasikia agizo: mama afanye mkate wa wishwa, na ndani yake aifiche tupa. Mkate unapoletwa, walinzi wanaudharau na kuupitisha. Baadaye inapigwa ngoma ya gungu, na vishindo vyake vinaumeza mlio wa tupa ikikata minyororo. Wachezao kwa furaha ndio wanaomsaidia mfungwa kutoroka, wala hawana habari.

La ajabu ni kwamba msimulizi mwenyewe hacheki. Mizani ni nane katika kila mshororo, na kina cha mwisho wa ubeti ni kile kile tangu mwanzo hadi tamati. Sauti imetulia kama maji ya mtungini. Utulivu huo ndio unaotuachia sisi kazi ya kucheka, na hatimaye ya kulia.

Maana kinaya hicho hugeuka. Aliyewahadaa walinzi anajiwa na mwanawe wa kumzaa, aliyeahidiwa makuu na mfalme wa Pate, akaulizwa ni kitu gani kiwezacho kumwua. Liyongo anatambua kwamba kijana amehadaiwa, na hata hivyo anamjibu: sindano ya shaba kitovuni. Aghalabu watahiniwa huandika hapa kwamba kikulacho ki nguoni mwako, wakaweka kalamu chini. Wamemwona baba mjinga. Lakini mtu aijuaye hatima yake humjibu mwanawe kwa toni gani? Kwa ghadhabu? Kwa huruma? Kwa uchovu? Kila jibu huzaa utenzi mwingine.

Na mwishoni, Liyongo anapokufa amepiga goti karibu na kisima, upinde mkononi, watu wanaogopa kuteka maji. Mama anaombwa aende kumbembeleza. Anamsihi mwana anayedhani amekasirika, kumbe anasema na maiti. Asiyeisikia sauti ya mama huyo, hata akiyakariri maana yote ya kinaya, hajausoma utenzi.

Wapo wenzangu watakaosema kwamba nawafungulia watu mlango wa kudai kinaya popote wapendapo. Hofu yao ina msingi. Utendi wa Mwana Kupona, wa mwaka wa 1858, una mawaidha juu ya mke kumtii mume, na msomaji wa leo asiyependezwa nayo hushawishika kusema kwamba mtunzi alikuwa akikejeli. Yamkini. Ila chuki ya msomaji si ushahidi. Katika Liyongo, matini yenyewe hutuonyesha ajuaye na asiyejua. Adaiye kinaya kwa Mwana Kupona naye atuonyeshe ubeti.

Tenzi zilitungwa zisikike. Darasani tumezifanya za kusomwa kwa macho, kisha tukaamuru maelezo yaandikwe daftarini. Nawapendekezea walimu wenzangu jambo dogo: chukueni dakika kumi, wanafunzi wawili waughani ubeti mmoja kwa toni mbili tofauti, na darasa liamue ni ipi inayoungwa mkono na matini, na kwa nini. Jina la mbinu litajwe baadaye.

Tusipofanya hivyo, tutaendelea kuwalea wasomaji walio kama wale walinzi wa gerezani: mkate umepita mikononi mwao, wakauona ni wishwa tu, na tupa imo ndani.