Miguu Inayowaka Moto: Kuharibika kwa Mishipa ya Fahamu kwa Wanaoishi na VVU

Ganzi, michomo na nyayo kuwaka moto ni malalamiko yanayosikika sana katika kliniki za tiba na matunzo kwa watu wanaoishi na VVU. Huanzia kwenye vidole na nyayo, miguu yote miwili kwa pamoja, na huzidi usiku. Shuka likigusa vidole tu, mtu anashtuka kwa maumivu, kwa hiyo wapo wanaolala miguu ikiwa nje ya shuka na wapo wanaoitumbukiza kwenye beseni la maji baridi ili wapate usingizi. Wengine hawaumwi kabisa: nyayo hufa ganzi taratibu, hadi siku ndala inapovuka mguuni na mwenyewe akaendelea kutembea bila kujua.

Chanzo cha yote hayo ni kuharibika kwa mishipa ya fahamu ya pembezoni, ile inayotoka kwenye uti wa mgongo kwenda kwenye ngozi na misuli. Hakuna tatizo la mfumo wa fahamu linalowapata watu wenye VVU kwa wingi kuliko hili. Utafiti mmoja mkubwa wa Marekani, uliochapishwa mwaka 2010 na kuhusisha watu 1539, ulikuta zaidi ya nusu yao wana angalau ishara moja ya mishipa kuharibika, ingawa wengi walikuwa tayari kwenye dawa za kufubaza virusi. Kati ya hao wenye ishara, waliosema wanaumwa hawakufika nusu. Kwa hiyo anayelalamika maumivu si peke yake mwenye tatizo. Asiyelalamika naye anahitaji kupimwa miguu.

Miguu hutangulia kwa sababu ya urefu wa safari. Seli ya fahamu inayohudumia kidole gumba cha mguu ina kiini chake kando ya uti wa mgongo, sehemu ya chini, na uzi wake hushuka karibu mita moja mpaka kidoleni. Vijenzi vinavyotengenezwa kwenye kiini husafirishwa umbali wote huo, na nguvu ya kuvisafirisha hutoka ndani ya uzi wenyewe. Seli ikidhoofika, ncha za mbali ndizo za kwanza kukosa huduma. Baadaye ganzi hupanda hadi kwenye kifundo na muundi, na sehemu iliyoathirika hukaa kama soksi. Ikikaribia goti, ncha za vidole vya mikono nazo huanza. Ndiyo maana watu warefu wako kwenye hatari zaidi kuliko wafupi, na hatari hiyo huongezeka na umri.

Virusi vyenyewe havihitaji kuingia kwenye seli ya fahamu ili viidhuru. Vinaathiri seli za kinga zilizo jirani na mishipa, nazo humwaga kemikali za uvimbe zinazoichoma mishipa hiyo. Hata protini ya ganda la nje la kirusi ni sumu kwa seli za fahamu. Mtu aliyechelewa kuanza dawa, seli zake za kinga ziitwazo CD4 zikashuka sana, ana uwezekano mkubwa wa kubaki na tatizo hili hata baada ya afya yake kurejea. Dawa za kufubaza virusi huzuia madhara mapya, lakini uzi wa fahamu uliokwisha kunyauka haurudi kwa urahisi. Kipimo cha wingi wa virusi kinaweza kuonyesha kwamba havionekani tena kwenye damu, ilhali nyayo za mtu huyohuyo zinawaka kila usiku. Hakuna ugomvi kati ya mambo hayo mawili, na mgonjwa anayeyaeleza anastahili kusadikiwa.

Sehemu kubwa ya ganzi wanayoishi nayo watu walioanza matibabu miaka ya 2000 ilitokana na dawa. Stavudini ilitengenezwa maabara nchini Marekani miaka ya 1960 na Jerome Horwitz, aliyekuwa akitafuta dawa za saratani, na mwaka 1994 ikaidhinishwa huko kutibu VVU. Mwaka 2001 kampuni ya Cipla ya India ilitangaza kuuza mchanganyiko wa stavudini, lamivudini na nevirapini kwa chini ya dola moja kwa siku. Kwa mara ya kwanza, tiba ya dawa tatu ilifikia bei ambayo nchi maskini zingeweza kuifikiria. Programu za tiba barani Afrika zilijengwa kwa kiasi kikubwa juu ya kidonge hicho, na watu waliokuwa wanabebwa kwenye machela wakarudi mashambani na makazini.

Gharama yake ilionekana polepole. Ndani ya karibu kila seli mna mitokondria, vinavyozalisha nguvu, na mitokondria vina vinasaba vyao vinavyonakiliwa na kimeng'enya maalumu. Stavudini hukizuia kimeng'enya hicho. Nguvu ikipungua, uzi mrefu wa fahamu huumia mapema. Wengi waliotumia dawa hiyo wanakumbuka pia mashavu yaliyobonyea na mishipa ya damu iliyotokeza mikononi na miguuni, kwa kuwa mafuta ya chini ya ngozi yaliyeyuka kwa njia hiyohiyo. Dawa nyingine mbili za VVU, didanosini na zalsitabini, zilileta madhara ya namna moja. Shirika la Afya Duniani lilishauri kwanza dozi ya stavudini ipunguzwe kutoka miligramu 40 hadi 30, kisha mwishoni mwa mwaka 2009 likazitaka nchi kuachana nayo. Ni haki kusema yote mawili: dawa hiyo iliokoa maisha ya watu wengi mno, na iliwaachia wengi wao maumivu ya kudumu. Kidonge cha TLD kinachotumika sasa, chenye tenofoviri, lamivudini na dolutegraviri, hakina hata moja ya dawa hizo tatu.

Dawa nyingine inayoweza kudhuru mishipa, ile ya kifua kikuu iitwayo isoniazidi, bado inatumika, tena hutolewa hata kwa wasioumwa ili kuwakinga. Ni kinga muhimu sana kwa mwenye VVU. Tatizo ni kwamba huufanya mwili upoteze vitamini B6, na mishipa ya fahamu haiwezi kufanya kazi bila vitamini hiyo. Kwa sababu hiyo, mtu mzima anayemeza isoniazidi hupewa pia kidonge kidogo cha piridoksini, ambayo ndiyo B6 yenyewe, kwa kawaida miligramu 25 kwa siku. Asiyepewa aulize, na aliyepewa asikiache akidhani ni nyongeza tu.

Hapo pana mtego. Wenye ganzi wengi hununua kwenye duka la dawa vidonge vya mchanganyiko wa B1, B6 na B12 na kuvimeza kwa miezi au miaka. Baadhi ya vidonge hivyo vina B6 ya miligramu 100 au zaidi, na B6 nyingi ikitumiwa kwa muda mrefu nayo huharibu mishipa ya fahamu na kuleta ganzi ileile. Vitamini zilizochanganywa na madini ya chuma, kalsiamu au zinki zina shida nyingine: zikimezwa pamoja na dolutegraviri tumbo likiwa tupu, hupunguza kiasi cha dawa kinachoingia mwilini. Chupa ya vitamini inapaswa kwenda kliniki pamoja na mgonjwa, ionwe na mtoa huduma.

Sababu nyingine zaweza kujificha nyuma ya VVU, na ni kosa kubwa kuacha kuzitafuta. Kisukari na pombe ziko mbele. Upungufu wa B12 huwapata zaidi wasiokula nyama, maziwa wala mayai, pamoja na waliotumia metformini, dawa ya kisukari, kwa miaka mingi. Kaswende hupimwa kwa damu. Linezolidi, inayotumika kwa kifua kikuu sugu, na vinkristini ya saratani zote hudhuru mishipa. Ukoma, ambao bado upo Tanzania, mara nyingi hujitokeza kwa baka la ngozi lisilo na hisia, upande mmoja au sehemu zisizolingana.

Kupima miguu hakuhitaji mashine. Mgonjwa huvua viatu na soksi, akalala. Mtoa huduma hugonga chuma chenye pembe mbili kinachotetemeka, akakiweka juu ya kidole gumba cha mguu, na mgonjwa husema mtetemo unapokwisha. Mwenye mishipa mizima huusikia kwa zaidi ya sekunde kumi. Mwenye madhara husema umekwisha mapema, au hausikii kabisa, ilhali mkono wa mpimaji bado unauhisi. Kisha kano ya nyuma ya kifundo hugongwa kwa kinyundo cha mpira, na unyayo usiporuka, hiyo ni ishara ya pili. Dakika chache zinatosha.

Si kila uharibifu wa mishipa huja kwa mtindo huu wa polepole. Mkanda wa jeshi hushambulia upande mmoja wa mwili kwa malengelenge, na maumivu yake huweza kubaki miezi mingi baada ya ngozi kupona. Asaikloviri husaidia zaidi ikianza ndani ya saa 72. Miguu ikilegea ndani ya siku chache, au mkojo ukaziba au ukatoka bila kujizuia, hiyo ni dharura ya kwenda hospitali mara moja, kwa kuwa huenda uti wa mgongo au mizizi ya mishipa imeshambuliwa.

Kuhusu maumivu, ukweli ni mgumu. Amitriptilini hutolewa sana usiku na huleta usingizi, ila majaribio ya mwaka 1998 nchini Marekani hayakuiona ikizidi kidonge kisicho na dawa kwa maumivu haya. Pregabalini nayo haikufaulu. Kiraka chenye asilimia 8 ya kapsaisini, kiini cha ukali wa pilipili, kilionyesha nafuu, lakini ni ghali. Hivyo daktari hujaribu dawa moja, akaipima kwa wiki kadhaa, akabadili. Karbamazepini, dawa ya kifafa, haifai kuanzwa kiholela kwa anayetumia TLD, maana hushusha kiwango cha dolutegraviri. Diklofenaki ya dukani haigusi maumivu ya fahamu, na ikitumika pamoja na tenofoviri yaweza kuumiza figo.

Mguu usio na hisia huhitaji macho ya mwenyewe. Nyayo na katikati ya vidole vikaguliwe kila jioni, maji ya kuoga yapimwe kwa kiwiko, viatu vikung'utwe kabla ya kuvaliwa, na miguu isioteshwe moto karibu na jiko la mkaa. Viatu vya kufunga, vipana mbele, vinafaa kuliko ndala. Kidonda cha unyayo kisichouma kipelekwe kuonwa mapema, na mguu huo upumzishwe usibebe uzito mpaka kifunge.