Kiti cha Magurudumu Kilipofika Forodha

Wasomaji wa ukurasa huu huulizana mara kwa mara bei ya sukari na sabuni, nao hawakosi kumlaumu mwenye duka. Ni wachache waliopata kujiuliza jinsi mpira wa ndani wa gurudumu, kitu ambacho mtu aweza kukikunja mfukoni, unavyoweza kumfungia mtoto ndani ya nyumba muhula mzima. Mimi niliulizwa na mama wa mtoto mwenyewe, jirani yangu, ambaye alijua kwamba nafanya kazi ya ukarani katika forodha.

"Mwalimu," aliniambia, maana mtaani jina la kazi yangu ya kwanza halijanitoka, "kiti kipo, magurudumu yamekwisha, vipuri vimefika, na bado mnavishika. Mnavishikia nini?"

Vipuri hivyo viliagizwa na karakana ndogo ya mafundi watengenezao viti vya walemavu. Vilishuka Mombasa pamoja na mizigo mingine ya nchi yetu isiyo na bahari. Ankara yake ilikuwa na maneno matatu tu: "Vipuri vya hospitali." Wakala wa karakana akaviandika vyote, tangu gurudumu hadi nati, kuwa viti vya magurudumu. Karani aliyevipokea akaona mipira na gololi, akasema kwamba hivi ni vipuri vya baiskeli, akavikataa vyote. Karani huyo alikuwa mimi. Sote wawili tulikosea, na gharama za bohari zikaendelea kuhesabiwa kila kukicha.

Hapana budi nieleze kidogo jinsi bidhaa zinavyopangwa. Forodha karibu zote za ulimwengu hutumia orodha moja, inayotunzwa na Shirika la Forodha la Dunia lenye makao yake Brussels. Mapatano yake yalitiwa sahihi mwaka 1983, yakaanza kutumika tarehe 1 Januari 1988. Orodha hiyo ina sura 97, na moja kati ya hizo, ya 77, imeachwa tupu kwa mahitaji ya baadaye. Kila bidhaa hupewa namba ya tarakimu sita, ambayo kila nchi au jumuiya yaweza kuiongezea tarakimu zake. Namba hiyo ndiyo inayoamua ushuru. Katika Jumuiya ya Afrika Mashariki viwango vikuu vilikuwa 0, 10 na 25 kwa mia tangu 2005, na kuanzia tarehe 1 Julai 2022 kikaongezwa cha 35. Kwa hiyo namba ikikosewa, fedha nazo hukosewa.

Mtu angedhani kwamba kiti cha mgonjwa kimewekwa pamoja na vifaa vya tiba katika sura ya 90. Sivyo. Kimewekwa katika sura ya 87, penye magari. Kifaru cha vita ni 8710, pikipiki ni 8711, baiskeli ni 8712, na kiti cha mlemavu ni 8713. Sijui ni nani aliyewapanga majirani hawa, lakini ndivyo walivyo. Kiti kikija kimefunguliwa vipande ndani ya kasha moja, kanuni ya pili ya kufasiri orodha husema kihesabiwe kuwa kiti kizima. Lakini vipande vya kurekebishia viti vilivyokwisha kutumika si kiti. Magurudumu, spoku na vitovu vilivyotengenezwa kwa ajili ya viti hivyo huwekwa katika 8714, ambamo vipuri vya viti vya walemavu vina kifungu chao. Mpira wa ndani hurudi kwa ndugu zake wa mpira, 4013. Gololi za kuzungushia gurudumu ni 8482, hata kama zimenunuliwa kwa ajili ya kiti. Skurubu na nati za chuma ni 7318 popote zitakapofungwa. Basi kasha lile moja lilikuwa na namba nne, na hakuna hata moja kati yake iliyokuwa ile ya wakala.

Katika sura ya 90 yenyewe mambo ni magumu zaidi. Huko karani huuliza kwanza kama kipuri chenyewe kina kichwa chake katika sura hiyo, au katika sura za 84, 85 na 91. Kikiwa nacho, huenda huko. Kisipokuwa nacho, ndipo hufuata mashine ambayo kimetengenezwa kwa ajili yake. Mzee anayetumia kifaa cha kusaidia kusikia huona betri yake kuwa sehemu ya kifaa, lakini forodha huiona kuwa betri, 8506, wakati kifaa ni 9021. Bomba la eksirei lina kifungu chake katika 9022, ila waya wa umeme unaoliunganisha ni 8544. Hata mizani ya kupimia watoto kliniki haimo katika sura ya tiba. Ni mizani, 8423.

Jambo moja limepata kurekebishwa. Skurubu maalumu ambayo daktari huifunga katika mfupa uliovunjika ilikuwa ikileta ubishi kila mahali, kwa sababu ni skurubu. Tangu tarehe 1 Januari 2022 orodha yasema wazi kwamba vitu vilivyobuniwa kwa ajili ya kupandikizwa mwilini tu havihesabiwi pamoja na skurubu za kawaida, bali huenda 9021. Nadhani mtu yeyote aliyewahi kuiona skurubu hiyo angeamua hivyo bila kwenda Brussels.

Nilimwendea msimamizi wangu nikamweleza kosa langu. Karakana ikaandika ankara upya: kila kipuri kwa jina lake, kimetengenezwa kwa nini, kitafungwa wapi, na idadi yake. Ombi la msamaha wa ushuru likatengwa, kwa sababu sheria ya forodha ya Jumuiya husamehe vitu vilivyotengenezwa mahsusi kwa ajili ya walemavu, na mpira uwezao kufungwa katika baiskeli yoyote hauna ushahidi huo. Mafundi wakalipia mipira na gololi. Wangaliweza pia kuniandikia malalamiko kwa Kamishna katika siku 30, naye angalipaswa kuwajibu katika siku 30 nyingine. Au, vema zaidi, kuomba uamuzi wa namba kwa maandishi kabla ya kuagiza. Hawakuwa wamesikia kwamba njia hizo zipo, nami sikuwa nimewaambia.

"Ungaliyasema haya mwezi wa kwanza," jirani yangu aliniambia.

Jumatatu iliyofuata nilimwona mtoto akisukumwa na kaka yake kuelekea shuleni. Gurudumu la kushoto lilikuwa limejazwa upepo kupita kiasi, na kiti kilikuwa kikiruka juu ya kila jiwe.