Mwanao akikwambia "Mimi si msichana", utafanyaje?

Leo mambo ya wapenzi na mitindo ya nywele nayaweka kando, maana kuna kitu kimenikaa rohoni toka Jumapili.

Nilikuwa nimejipumzikia zangu geto, mara dada yangu wa Tabata akanipigia simu analia. "Njoo haraka, shemeji yako ataniulia mtoto!" Nikadaka bodaboda mbio. Kufika, namkuta shemeji kasimama sebuleni na mkanda mkononi, jasho linamtoka, na mpwa wangu wa miaka 12 kajifungia chooni. Kosa lake? Alikuwa anasukwa, akamwambia mama yake, "Mama, mimi najisikia mvulana. Msinisuke tena."

Basi, hayo tu.

Shemeji akanigeukia. "Shem, wewe si unaandika magazetini? Haya si mambo ya kizungu haya? Kayatoa kwenye simu!" Dada naye alishawapigia mashangazi watatu. Mmoja kasema mtoto apelekwe akaombewe, mwingine eti anamjua mganga Mlandizi, kiboko ya mambo kama hayo.

Hapo ndo nikamkumbuka kijana mmoja wa mtaani kwetu Temeke, enzi hizo tukiwa wadogo. Alipenda kujifunga khanga za mama yake na kucheza rede na wasichana. Tulimzomea, mimi nikiwemo, sijifichi. Baba yake alimtandika mpaka majirani wakaingilia. Alipofika miaka 16 akaondoka na begi lake la shule, hadi leo hajarudi. Baba mtu keshafariki. Mama yake kila Idi bado anatenga sahani ya pilau pembeni na kuifunika kawa. Nilimsimulia shemeji habari hiyo pale pale. Akakaa kimya muda mrefu, kisha mkanda akauweka juu ya kabati.

Mimi sio daktari bwana, niliishia kidato cha nne, ila kusoma nasoma. Kuhusu hilo la uzungu, mwaka 2014 Mahakama Kuu ya Kenya ilimpa ushindi Audrey Mbugua, Mkenya aliyezaliwa akihesabiwa mvulana na ambaye anaishi kama mwanamke. Iliamuru baraza la mitihani la nchi hiyo libadilishe jina kwenye cheti chake cha sekondari. Nairobi sio Ulaya. Na kama unadhani ni kichaa, Shirika la Afya Duniani lilipitisha mwaka 2019 orodha mpya ya magonjwa, ambayo ilianza kutumika 2022, na hali hii imetolewa kwenye kundi la magonjwa ya akili. Sasa mganga wa Mlandizi anatibu nini hapo?

Lakini pia usikurupuke upande wa pili ukaona kila kitu kimeshaamuliwa. Wapo watoto wanaosema hivyo na baadaye wakaendelea kama walivyokuwa, na wapo ambao jambo hilo hubaki nao maisha yao yote. Miaka 12 mwili unaanza kubadilika, na kwa wengi ndipo panapouma zaidi. Hakuna wa kulimaliza jioni moja sebuleni, si mimi wala shangazi. Mpwa wangu hakuomba sindano wala kisu. Aliomba asisukwe.

Nikaketi chini nje ya mlango wa choo. Sikumhubiria wala sikumwahidi kitu. Nilimuuliza tu, "Anko wako niko hapa. Nini hasa kinakusumbua?" Ilichukua kama nusu saa hivi. Sketi ya shule inamkera. Kifua kimeanza kuota, anaoga gizani. Darasani wanamwita jikedume. Mwisho akasema, "Anko, mama asimwambie shangazi."

Ebwana, niliishiwa nguvu. Hapo nilimlaumu dada kuliko shemeji, na nilimwambia wazi. Mtoto kakufungulia moyo wewe, mzazi wake, wewe unautangaza ukoo mzima kabla hata nywele hazijafumuliwa! Kesho atakwambia nini tena? Dada alilia upya, ila usiku ule ule aliwapigia mashangazi kuwaomba wasije.

Shemeji bado hajaelewa, na hajifanyi kuelewa. Zamani alikuwa akimwita "binti yangu". Wakati wa chakula nikamsikia anaanza, "Bin...", akakwama, akakohoa, kisha akasema, "Mwanangu, njoo ule." Mlango ukafunguliwa. Walikula kimya, ugali na dagaa, nywele nusu zimesukwa nusu zimetimka.

Nywele zilinyolewa Jumatatu, fupi, kama za wanafunzi wengi tu. Sketi ndo bado kasheshe. Dada amepanga kumwona mwalimu wa malezi, ila kwanza anataka kumuuliza mtoto kama anaruhusu.