Je, Wajua? Kampuni ya Matairi Iliyoanzia kwenye Viatu

Bridgestone, mojawapo ya kampuni kubwa kabisa za matairi duniani, chimbuko lake ni karakana ya familia mjini Kurume, kusini mwa Japani, iliyoshona tabi, yaani soksi nene za kuvalia ndara. Mwaka 1923 Shojiro Ishibashi wa familia hiyo alianza kuuza tabi zenye soli ya mpira, na wakulima na wachimba migodi wakazipenda mno. Faida ya mauzo hayo ikampa ujasiri wa kujaribu matairi: la kwanza likatoka Aprili 1930, kampuni ikasajiliwa 1931.

Mwanzo ulikuwa mchungu. Ishibashi aliahidi kumpa tairi jipya bure kila mteja aliyeuziwa bovu, na mabovu yakarudi kwa maelfu. Hakuivunja ahadi. Kwangu mimi, huo ndio uamuzi mkubwa kuliko yote aliyofanya.

Vita Kuu ya Pili ikaipokonya kampuni mali zake za ng'ambo, lakini kufikia 1953 ilikuwa ikiongoza kwa mauzo nchini Japani. Mwaka 1988 ikainunua Firestone ya Marekani kwa dola bilioni 2.6, pamoja na shamba lake kubwa la mpira lililoanzishwa Liberia mwaka 1926.