Ukienda Bagamoyo, Waulize Kwanza Wavuvi

Sisi tuliozaliwa kando ya Ziwa Tanganyika au Ziwa Kivu twadhani kwamba maji tunayajua. Mahali ulipoteka jana, na leo utateka papo hapo. Bahari si hivyo. Mgeni akifika Bagamoyo, mji mdogo wa pwani ya Tanzania, yapata kilometa 70 kaskazini ya Dar es Salaam, huenda akakuta maji yamekwenda mbali na majahazi yamelala ubavu juu ya tope. Hapo hushawishika kuingia na watoto wake kuokota makombe. Asifanye hivyo kabla ya kuuliza.

Maji ya bahari hujaa na kupwa mara mbili kila siku, na kati ya kujaa na kupwa zapita saa sita na kidogo. Saa yenyewe haikai mahali pamoja. Kila siku huchelewa karibu dakika 50 kuliko jana. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, huja bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana. Pwani ya Bagamoyo ni tambarare, kwa hiyo maji yarudipo hufunika mahali papana upesi. Nayo hutangulia kujaza mabonde madogo ya mchanga, hata mtu aweza kuona maji nyuma yake na ilhali mbele yake pangali pakavu. Mvuvi yeyote atakuambia saa ya kurudi. Labda atakucheka kidogo; mwache acheke. Tena vaa viatu, kwa sababu ya miiba ya baharini.

Kwa habari ya njia, wengi wetu huvuka ziwa kutoka Kalemie hadi Kigoma, kisha hushika basi, au gari la moshi la reli ya zamani iliyofika Kigoma mwaka 1914. Kutoka Dodoma hadi Dar es Salaam iko treni ya umeme tangu 2024. Chukua pasipoti pamoja na cheti cha chanjo ya homa ya manjano, kwa maana wasafiri watokao Kongo huulizwa cheti hicho. Sindano ipigwe siku 10 au zaidi kabla ya safari. Miezi ya Machi hadi Mei ni masika, mvua nyingi. Juni hadi Septemba ni afadhali.

Kiswahili chako kitasikika vizuri, lakini mzee usimwamkie kwa « jambo » tu. Sema « shikamoo », naye ataitika « marahaba ». Wenyeji wengi ni Waislamu. Nguo za kuogea ziishie ufukoni, na mama akiwa na kanga begani atapita mjini kwa heshima.

Sasa, usiishie kuoga. Misafara ya pembe za ndovu ilishuka hapa kutoka Ujiji na Manyema, na pamoja nayo watumwa, ndugu za babu zetu. Mapadri wa Roho Mtakatifu walifungua misioni hapa mwaka 1868, wakawapa makao watu waliokombolewa. Mnara wa kanisa lao la zamani ungali umesimama. Ndipo mwili wa Livingstone ulipowekwa mwezi wa Februari 1874, baada ya kuchukuliwa na watumishi wake kutoka bara. Mwezi wa Juni 1878 Mapadri Weupe wa kwanza walianza safari yao toka mji huu, wakafika Ujiji Januari 1879, na baadaye wenzao wakavuka kuja upande wetu. Ingia makumbusho ya misioni, kisha nenda makaburini usome umri wa wale mapadri. Wengi walikufa vijana.

Kaole, penye magofu ya msikiti wa kale, ni kilometa 5 hivi kusini. Usipite ufukoni peke yako. Pita barabarani pamoja na kiongozi, na mpatane bei kabla ya kuondoka. Mkiwahi kurudi mjini mashua zinapofika, mtakuta samaki wakinadiwa papo hapo mchangani.