Fundi kasema injini imekufa, kumbe mpira tu!

Vidole vyangu vinanuka oili tangu Jumapili na sabuni ya unga imenyoosha mikono. Subiri nikupe mkanda wote.

Mjomba wangu ana Toyota Corolla ya miaka ya tisini, ile AE100 yenye injini ya 5A. Bodi imechoka kweli, lakini ndiyo inayolisha nyumba. Asubuhi inapeleka watoto wa watu shule, mchana na usiku inabeba abiria. Sasa kama wiki tatu hivi, kila ikikaa kwenye foleni, moshi unafuka chini ya boneti na harufu utadhani kuna mtu kaunguza maandazi. Siku moja mama mmoja akateremka pale pale katikati ya foleni, na nauli hakutoa.

Likapelekwa gereji. Fundi kafungua boneti, kaguna, kafunga. "Mzee, ringi zimekufa hizi, injini ishuke." Shilingi 600,000, nusu mkononi! Mjomba akarudi nyumbani kimya, hata chai hakugusa. Usiku nikamsikia akimwambia mkaza mjomba kwamba kuna mtu yuko tayari kulichukua gari kama lilivyo, kwa bei ya kutupa.

Mimi si fundi, lakini macho ninayo. Ringi zikifa, oili inaungulia ndani ya silinda na moshi wa bluu unatokea kwenye ekzosi. Ekzosi ya mjomba ilikuwa safi. Moshi ulitoka mbele ya injini, na kwenye Corolla hii manifoldi ya ekzosi iko huko huko mbele, inatazamana na rejeta, chini ya ule mfuniko wa juu ambao mafundi wanauita tapeti kava. Nikapitisha kitambaa ukingoni mwa mfuniko, kikarudi kimelowa oili. Basi! Pale katikati kuna gasketi ya mpira. Joto la miaka mingi linaukausha unakuwa mgumu kama plastiki, oili inapenya na kudondokea chuma cha moto. Na hapo si harufu tu, gari linaweza kuwaka.

"Mjomba, usiuze kwanza. Nipe Jumapili moja."

Kaniangalia weee, mwisho akanipa pesa ya spea. Kariakoo nikanunua gasketi na vale vipete vya mpira vya mashimo ya plagi. Muuzaji, mzee wa makamo, alipoona nataka na silikoni tyubu kubwa, akacheka. "Kijana, unaziba injini au unapaka keki?" Akanieleza kuwa silikoni ikizidi hubanwa ikaingia ndani, vipande vinashuka hadi kwenye sampu na kuziba chujio la pampu ya oili. Injini ikikosa oili, hapo ndipo itakufa kikweli. Silikoni unaweka tone tu kwenye zile kona ambapo kepu ya kamshafti inakutana na silinda hedi. Kwingine mpira unakaa mkavu.

Jumapili nikangoja injini ipoe kabisa, nikachomoa waya hasi wa betri. Nyaya za plagi nikazibandika plasta zenye namba 1 hadi 4, nikazichomoa kwa kushika kofia, maana ukivuta waya unakatikia ndani. Nikatoa mipira ya kupumulia, nikalegeza nati. Mfuniko ukagoma, umegandana! Usiingize bisibisi hapo, tafadhali. Aluminiamu ikikwaruzwa itavuja maisha yako yote. Nikaugonga taratibu ubavuni kwa kipande cha mti, ukaachia.

Gasketi ya zamani ilikatika vipande vipande kama chapati ya juzi. Nikasafisha mfereji wake na uso wa hedi, huku nimefunika sehemu za ndani kwa kitambaa safi kisichotoa nyuzi ili uchafu usidumbukie. Kwenye mashimo ya plagi kulikuwa na oili imetuama, nikainyonya kwa kitambaa kabla ya kugusa plagi, vinginevyo ingemwagikia silindani.

Kwenye kukaza ndipo wenye misuli wanaharibu. Mfuniko wa namna hii hauombi hata nyutonimita 10, wakati nati ya tairi ya gari dogo inaomba karibu 100. Kwa hiyo spana fupi, mkono mwepesi, unaanzia katikati unakwenda pembeni, unazunguka mara mbili tatu. Ukibana kwa hasira mpira unaminywa nje, au uzi wa nati unakwenda na maji.

Nikarudisha kila kitu, mjomba akapiga stata. Mama yangu! Gari likatetemeka na kukohoa kama lina kifua. Mjomba akashika kichwa. Mkaza mjomba akatoka jikoni na mwiko. Nikachungulia: plasta mbili zilibanduka kwa sababu ya mafuta, na mimi nimechanganya waya wa 3 na wa 4. Nikabadilisha huku jasho linanitiririka. Stata tena, ikanguruma sawasawa kama cherehani.

Moshi kidogo uliendelea, mjomba akaanza kununa. Nikamwambia ni oili ya zamani iliyobaki kwenye manifoldi, acha iungue iishe. Iliisha baada ya mizunguko miwili ya mtaa. Usiku nikatandika katoni nyeupe chini ya injini.

Saa kumi na moja alfajiri nikamkuta mjomba kashanitangulia, amepiga magoti na tochi anaikagua katoni. Kavu. Akaikunja, akaiweka ndani ya buti, akaenda kuchukua watoto wa shule.