Zoezi na Mazoea: Namna ya Kuandaa Ratiba ya Juma ya Mazoezi ya Viungo kwa Mujibu wa Lengo la Mtu

Utangulizi

Mwanafunzi wa Kiswahili ni mtu wa kuketi. Huketi mhadharani, huketi maktabani, huketi mbele ya tarakilishi akichapa tasnifu, kisha huketi tena usiku kuimaliza riwaya atakayoijadili kesho yake. Mhadhiri wake naye hana nafuu, kwani karatasi za mtihani hazisahihishwi kwa kutembea. Hali hii imewafanya wengi katika taaluma yetu waamini kuwa mazoezi ya viungo ni kazi ya wanaspoti na wanajeshi, nao wajibu wao ni kuunoa ubongo tu. Imani hiyo ina gharama yake. Shinikizo la damu na kisukari, maradhi ambayo zamani yalidhaniwa kuwa ya wazee na matajiri, yanawapata hata watu wenye umri mdogo, na kuishi bila kuushughulisha mwili ni mojawapo ya mambo yanayoyachochea. Yamkini tukasahau kuwa mgongo ndio unaoibeba tasnifu mpaka ikamilike.

Makala haya yananuia kueleza jinsi mtu wa kawaida, asiye na kocha wala pesa za kulipia ukumbi wa mazoezi, anavyoweza kujiandalia ratiba ya juma inayolingana na lengo lake. Tutaanza kwa kulichunguza neno lenyewe, kisha tujadili lengo, nguzo za ratiba, mfano kutoka Kaptagat, na hatimaye ratiba tatu ambazo msomaji anaweza kuzifuata au kuzirekebisha.

Neno linavyotufundisha

Wanaisimu miongoni mwetu watakubali kuwa nomino zoezi ina uhusiano wa wazi na kitenzi zoea. Kutokana na zoea tunapata zoeza, yaani kumfanya mtu au kitu kizoee. Na hapo ndipo lilipo zoezi. Kwa hiyo, lugha yetu inatuambia kuwa kufanya zoezi ni kuuzoeza mwili jambo ambalo haukulizoea.

Maana hii ina pande mbili. Upande wa kwanza ni faida: mwili uliokuwa ukitweta kwa kupanda ngazi za maktaba huzizoea, na baada ya majuma machache mtu hufika juu akiwa bado anazungumza. Upande wa pili ni onyo: mwili uliokwisha kuzoea kazi fulani hauna sababu ya kuendelea kuimarika. Anayetembea kiasi kilekile, kwa mwendo uleule, mwaka mzima, atahifadhi alichonacho lakini hataongeza kitu. Kanuni mbili kuu za wataalamu wa mazoezi zimo humo: ongeza kazi hatua kwa hatua, na usikatize. Ukikatiza, mwili huzoea kukaa pia. Majuma mawili au matatu ya kutofanya lolote yanatosha kuanza kuipunguza nguvu ya pumzi iliyotafutwa kwa jasho.

Lengo huja kabla ya ratiba

Kosa linaloziangusha ratiba nyingi hufanyika kabla ya siku ya kwanza. Mtu huiga ratiba ya rafiki yake bila kujiuliza rafiki huyo anatafuta nini. Mwili hujibu kile tu unachoombwa. Anayekimbia huwa mkimbiaji bora, na anayeinua vitu vizito hupata nguvu za kuinua. Mtu hawezi kukimbia kila siku kisha akashangaa kwamba mikono yake haijapata misuli.

Malengo ya watu wengi huangukia katika makundi manne: afya ya jumla, stahamala ya pumzi (mathalan kuweza kukimbia kilomita 10), nguvu na misuli, na kupunguza uzani. Inafaa mtu achague moja liwe kuu kwa kipindi cha miezi miwili au mitatu, kwani mtaka yote hukosa yote. Lengo lenyewe lielezwe kwa namna inayopimika. "Nataka kuwa na afya" ni matakwa. "Nataka kufikia mwisho wa muhula nikiweza kukimbia dakika 30 bila kusimama" ni lengo.

Kuhusu uzani, ukweli usemwe waziwazi. Mazoezi pekee hupunguza uzani polepole sana iwapo mlo haukubadilika. Andazi na soda huliwa kwa dakika tano, lakini huhitaji mwendo mrefu kuziteketeza. Hali kadhalika, si kila mwenye mwili mkubwa anahitaji kukonda, na si kila mwembamba ana afya. Wengi, hasa wanawake wenzetu, hujiwekea lengo hili kwa sababu ya maneno ya watu mabwenini. Lengo lililoazimwa kutoka kinywani mwa mwingine halimwamshi mtu alfajiri kwa muda mrefu.

Nguzo za ratiba

Nguzo ya kwanza ni kiasi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unapendekeza kwamba mtu mzima afanye mazoezi ya pumzi ya ukali wa wastani kwa dakika 150 hadi 300 kwa juma, au mazoezi makali kwa dakika 75 hadi 150, au mchanganyiko wa hayo mawili. Zaidi ya hayo, aifanyishe kazi misuli mikuu yote ya mwili kwa siku mbili au zaidi. Mwongozo wa awali wa 2010 ulitaka kila kipindi kifikie angalau dakika 10; sharti hilo liliondolewa, na sasa kila dakika huhesabiwa. Hii ni habari njema kwa mwanafunzi, kwa kuwa haba na haba hujaza kibaba.

Nguzo ya pili ni ukali. Hapa hatuhitaji mitambo, ulimi unatosha. Katika zoezi la wastani, mtu anaweza kuzungumza lakini hawezi kuimba. Yaani anaweza kukueleza maudhui ya shairi lakini hawezi kulighani. Katika zoezi kali, hawezi kutamka zaidi ya maneno machache kabla ya kuvuta pumzi.

Nguzo ya tatu ni mapumziko. Misuli haikui wakati inapofanya kazi bali wakati inapojirekebisha baada ya kazi. Ndiyo maana kundi moja la misuli hupewa takriban saa 48 kabla ya kusumbuliwa tena, na ndiyo maana usingizi wa saa saba au zaidi ni sehemu ya ratiba.

Nguzo ya nne ni nyongeza ya taratibu. Viungo na kano huchelewa kuimarika kuliko mapafu na moyo, hivyo anayeongeza kwa pupa huishia kuuguza magoti. Ongeza jambo moja kwa wakati, ama muda, ama ukali, ama idadi ya siku. Mwenda pole hajikwai.

Mfano wa Kaptagat

Wakenya tuna shule ya mazoezi hapa nyumbani. Eliud Kipchoge, mshindi wa nishani ya dhahabu ya marathoni katika Olimpiki za Rio mwaka 2016 na zile za Tokyo zilizofanyika 2021, alijenga ufanisi wake katika kambi ya Kaptagat chini ya kocha Patrick Sang, ambaye mwenyewe alitwaa nishani ya fedha ya mbio za mita 3000 kuruka viunzi na maji mjini Barcelona mwaka 1992. Juma la kambi hiyo lilijulikana kwa uthabiti wake: Jumanne ilikuwa siku ya kasi uwanjani, Alhamisi siku ya mbio ndefu za kilomita 30 au 40, na Jumamosi siku ya mbio za kubadilishabadilisha kasi. Mbio za siku nyingine zilikuwa za polepole.

Hatutaji mfano huu ili msomaji akimbie kilomita 40. Tunautaja kwa sababu ya umbo lake. Kazi nzito zilikuwa tatu tu kwa juma, na kila moja ilifuatwa na siku nyepesi. Kila siku ilikuwa na kazi yake, na kazi hiyo ilijulikana mapema, hivi kwamba hakuna aliyeamka na kuanza kujiuliza afanye nini. Ikiwa bingwa wa dunia hakuthubutu kujisukuma kila siku, anayeanza leo atathubutu vipi?

Ratiba tatu

Kabla ya kupanga, hesabu unachofanya tayari. Mwanafunzi anayetembea haraka dakika 30 kutoka chumba chake cha kupanga hadi chuoni, na dakika 30 kurudi, kwa siku tano, amekwisha kutimiza dakika 300. Aliyekosa nauli ya matatu huenda amemshinda mwenzake mwenye gari! Huyu amebakiwa na mazoezi ya misuli tu.

Ratiba ya kwanza ni ya afya ya jumla:

Jumatatu: kutembea haraka, dakika 30.
Jumanne: misuli, dakika 30.
Jumatano: kutembea haraka, dakika 40.
Alhamisi: kupumzika.
Ijumaa: misuli, dakika 30.
Jumamosi: matembezi marefu, kuogelea au kandanda, dakika 80.
Jumapili: kupumzika.

Dakika za pumzi hapo ni 150, na siku za misuli ni mbili. Mazoezi ya misuli yanaweza kufanyika chumbani: kuchuchumaa na kusimama, kujisukuma kutoka sakafuni kwa mikono (asiyeweza aanze kwa kuusukuma ukuta), kuinama mgongo ukiwa umenyooka na kuvuta mtungi wa maji kuelekea kifuani, na kujinyoosha kifudifudi ukijiegemeza kwa vigasha na vidole vya miguu. Mtungi wa lita tano ukijaa maji una uzani wa takriban kilo tano, na hauhitaji ada. Kila zoezi lirudiwe mara 8 hadi 12, kwa duru mbili au tatu, huku mtu akipumzika kidogo baina ya duru.

Ratiba ya pili ni ya anayetaka kukimbia. Jumanne, Alhamisi na Jumamosi apishanishe dakika moja ya kukimbia polepole na mbili za kutembea, kwa nusu saa. Kila juma apunguze kutembea kidogo na kuongeza kukimbia, na kipindi cha Jumamosi kiwe kirefu kuliko vingine. Jumatatu na Ijumaa afanye misuli kwa dakika 20, kwani miguu yenye nguvu hulinda magoti. Siku mbili zilizosalia apumzike.

Ratiba ya tatu ni ya nguvu na misuli. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa afanye mazoezi ya mwili mzima kwa duru tatu kila moja, na Jumanne na Jumamosi atembee ili moyo usisahaulike. Akiweza kurudia zoezi mara 12 bila taabu, aongeze uzito au achague namna ngumu zaidi. Mlo wake uwe na protini ya kutosha, nayo haimo katika nyama pekee. Maharagwe, ndengu, mayai, maziwa na omena vinatosha.

Anayelenga kupunguza uzani aifuate ratiba ya kwanza, aongeze dakika zake za kutembea pole pole kuelekea 300, na apunguze vinywaji vya sukari na vya kukaangwa. Katika ratiba zote, kipindi kianze kwa dakika tano za kuupasha mwili moto kwa mwendo mwepesi.

Vikwazo vya chuoni

Ratiba isiyotambua maisha ya mwenye kuifuata ni fasihi tupu. Msimu wa mitihani hufika. Hapo ratiba ipunguzwe, isifutwe. Vipindi viwili vya dakika 20 vinatosha kuulinda uzoefu wa mwili mpaka karatasi ya mwisho. Usalama nao ni jambo zito. Wanawake wengi hawawezi kukimbia alfajiri au magharibi kwenye njia zenye giza, na kuwaambia wajikaze ni kuwakosea. Wapange mazoezi mchana, chumbani, au kwa kundi. Kwa hakika kundi huwafaa wote, kwa kuwa ni rahisi kujivunjia ahadi mwenyewe kuliko kumwacha mwenzio akisubiri langoni.

Aidha, mwenye ugonjwa wa moyo, kisukari, shinikizo la damu au pumu, na vilevile mjamzito, amwone daktari kabla ya kuanza mazoezi makali. Yeyote anayehisi maumivu ya kifua au kizunguzungu akiwa mazoezini aache mara moja na atafute matibabu. Uchovu wa misuli siku moja au mbili baadaye ni kawaida. Maumivu makali ya kiungo si kawaida.

Hitimisho

Tumeona kwamba ratiba njema huanza kwa lengo moja linalopimika, hupewa kiasi, ukali na mapumziko yanayostahili, kisha huongezwa hatua kwa hatua. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na katika suala hili methali hiyo haihitaji hata kufasiriwa. Mwanafunzi mwenzangu, chukua karatasi, andika siku saba, na ujaze mbili tu kwa kuanzia. Zikikaa majuma matatu bila kukatika, ongeza ya tatu. Kiswahili chetu kitahitaji waandishi na walimu kwa miaka mingi ijayo, nao hawana budi kuwa na miili ya kuwafikisha huko.